Nimerudi Akalabeth, nimekufa njaa mara nne

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, bado nipo nipo, hahaha. Kulikuwa na testi mbili, kulikuwa na semina ya kuwasilisha, halafu likatokea jambo moja chumbani kwetu ambalo ndilo limenikalisha kuandika leo. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una pindi la saa mbili nenda kwanza, hii haitakimbia.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenzangu wa chumbani, ambaye wote mnaomjua mnamwita Injinia ingawa hasomi uinjinia, Jumapili moja usiku alizima taa, akajifunika, halafu akaongea gizani: "Oya, mimi nikimaliza semista hii sirudi."

Nikadhani anatania. Kumbe hatanii. Ana gemu analoliandika tangu tuko mwaka wa kwanza, mnalijua, lile la mtu anayezunguka kwenye mapango. Ana sapu mbili. Anasema chuo kinamla muda, kwamba angekaa miezi sita nyumbani kwa kaka yake angelimaliza na kuliweka sokoni. Mama yake hajaambiwa kitu. Nikamuuliza, sasa utaishi kwa kutumia nini? Akanitajia jina: Richard Garriott. "Yule dogo aliandika gemu akiwa sekondari, akaliuza kwenye vifuko vya plastiki, akaokota dola laki na nusu, akaacha chuo, na akaishia kwenda anga za juu kwa pesa yake. Na kompyuta yake ilikuwa dhaifu kuliko hii simu yako iliyopasuka kioo."

Mimi nasoma historia jamani. Mtu akiniletea mfano wa historia usiku wa manane, siwezi kusema ndiyo wala hapana kabla sijaukagua. Nikamwambia nipe wiki moja. Nikaanza kusoma, na nikalitafuta gemu lenyewe nikalicheza. Lipo kwenye Internet Archive, wameweka programu inayoiga mashine ya Apple II ndani ya kivinjari, kwa hiyo huna haja ya kununua chochote. Haya yafuatayo ndiyo niliyorudi nayo.

Tuanzie kabla ya Garriott, maana hata yeye hakuanzia hewani. Mwaka 1974 kule Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Haukuwa wa kompyuta. Ni vitabu, penseli, karatasi na dadu. Mmoja anakuwa msimulizi anayejua ramani ya handaki, wengine wanasema wanachofanya, dadu zinaamua. Ulienea vyuoni kama moto wa nyika, na palepale vyuoni ndipo wanafunzi walipoanza kuuingiza kwenye kompyuta.

Na walivyouingiza, utacheka. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mtandao wa kompyuta wa kufundishia unaoitwa PLATO. Mwaka 1975 kijana mmoja, Rusty Rutherford, akaandika gemu la handaki na kulificha kwenye faili lililotengwa kwa ajili ya kundi la utafiti wa idadi ya watu na nishati. Jina la faili lilikuwa pedit5, yaani ukilitazama unaona ni kazi ya ofisi tu. Wasimamizi wakaligundua, wakalifuta. Kwa hiyo mjue kwamba mojawapo ya magemu ya kwanza kabisa ya aina hii lilifutwa na watu wa maabara ya kompyuta. Wale mnaofukuzwa maabara saa nne usiku, mna mababu.

Mwaka huohuo wa 1974, na hili nilikuwa sijawahi kuliweka kwenye mstari mmoja na hayo mengine, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo. Kompyuta pamoja na televisheni. Hazina ilikuwa imeweka mashine kubwa ya kutunza hesabu, ikaleta matatizo na gharama, wakaamua basi. Simlaumu mtu, nchi ilikuwa na matatizo yake ya fedha za kigeni. Ila kumbukeni hiyo tarehe, tutairudia.

Basi tuje kwa Garriott. Alizaliwa 1961 Cambridge, Uingereza, lakini alikulia Texas, karibu na kituo cha NASA cha Houston. Kwa nini pale? Kwa sababu baba yake, Owen Garriott, alikuwa mwanaanga. Mzee huyo kabla ya hapo alikuwa profesa wa uinjinia wa umeme Stanford, na mwaka 1973 alikaa siku 59 kwenye kituo cha anga cha Skylab. Ndiye baba wa "yule dogo" wa Injinia.

Shuleni kwao kulikuwa na mashine ya taipu iliyounganishwa na kompyuta ya mbali kwa njia ya simu. Haina kioo. Unaandika amri, unasubiri, jibu linachapishwa kwenye karatasi. Garriott aliwaomba walimu wamruhusu awe na somo lake mwenyewe, bila mwalimu na bila mtaala, kazi yake iwe kuandika programu tu. Wakakubali! Pale akaandika gemu la handaki akaliita DND1. Kila hatua unayopiga, ramani ndogo inachapishwa upya: nyota ni kuta, herufi ni majitu. Ukitaka kwenda mbele hatua kumi, unatumia karatasi ya kufungia maandazi ya wiki nzima. Akamaliza la kwanza, akaandika DND2, DND3, akaendelea hivyo hadi 28.

Ishirini na nane. Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini nikamwangalia Injinia aliyekuwa amelala. Hakunitajia hiyo namba.

Mwaka 1977 kompyuta za nyumbani zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida: Apple II, TRS-80 na Commodore PET, zote mwaka mmoja. Kusema "watu wa kawaida" ni kwa maneno tu, maana Apple II ilianzia dola 1,298 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 4, na kioo unajitafutia mwenyewe. Lakini ilikuwa na kitu kilichomtia Garriott wazimu, nacho ni uwezo wa kuchora. Mwaka 1978 alitoka mtu anaitwa Silas Warner na gemu la Apple II la kutoroka kwenye njia za kupotea, ambapo unaona kuta kwa macho yako kama uko ndani, hutazami ramani kutoka juu. Garriott amesema mwenyewe kwamba kuona vile ndiko kulikomfungua macho. Akachukua gemu lake namba 28, akaliingiza kwenye Apple II na kulipa macho. Hiyo ilikuwa 1979, kipindi cha likizo kabla hajaingia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakati anafanya kazi ya kiangazi kwenye duka la kompyuta. Akaliita Akalabeth, jina alilolichukua kwenye maandiko ya Tolkien.

Sasa niwaelezeni nilivyolicheza, maana hapa ndipo palinichukua usiku mbili.

Kwanza linakuuliza namba yako ya bahati. Unaandika namba yoyote. Halafu linauliza ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Linaongea Kiingereza cha zamani sana, kile cha Biblia ya kizee, kwa hiyo unajisikia kama unahojiwa na askofu. Baada ya hapo linakupa sifa sita: uhai, nguvu, wepesi, ustahimilivu, hekima na dhahabu. Kila moja inapigiwa dadu na kuangukia kati ya 4 na 24. Kama hukuridhika unakataa, linarusha upya. Ukikubali unachagua: mpiganaji au mchawi.

Halafu linakupeleka dukani. Nawaandikia bei zote kwa sababu ndizo zilizoniua:

Chakula, dhahabu 1 kwa vipande 10.
Upinde na mishale, 3.
Shoka, 5.
Ngao, 6.
Upanga mwembamba, 8.
Hirizi ya uchawi, 15.

Mimi nilipewa dhahabu 17. Mpiganaji. Kama mwanaume yeyote mwenye bumu jipya mfukoni nikanunua upanga, 8. Nikanunua ngao, 6. Zikabaki 3, nikachukua chakula cha vipande 30. Nikajiona nimejipanga vizuri kweli. Nikatoka nje.

Nje kuna uwanda wa miraba 20 kwa 20, wenye milima, miti, miji na mashimo ya kushukia mahandaki. Na kila hatua moja unayopiga nje inakula kipande kimoja cha chakula. Hesabu mwenyewe: nina hatua 30 katika dunia ya miraba 400. Nikazunguka mlima, nikarudi nyuma kwa sababu nilipotea, nikaona mji kwa mbali, nikaufuata. Sikufika. Hakuna jitu lililonigusa, upanga wangu wa dhahabu 8 haujamkata mtu, nikafa njaa barabarani nikiwa na ngao mpya. Gemu likaandika linaomboleza kuondoka kwangu, "mkulima", pamoja na kompyuta yangu. Nilicheka peke yangu mpaka Injinia akaamka.

Mara ya pili nikanunua shoka na chakula kingi. Nikafika handakini. Humo ndani kila hatua inakula sehemu moja ya kumi tu ya kipande, kwa hiyo chini ya ardhi ni nafuu kuliko juani, ajabu kidogo ila sawa. Kioo kinachora kuta kwa mistari myembamba, mmoja mmoja, unauona unavyochorwa. Chini kabisa kuna mistari michache ya maandishi inayokuonyesha chakula, uhai na dhahabu yako muda wote. Basi macho yangu yote yakawa pale kwenye chakula, na kuta nikawa sizioni tena. Nikapigana na mifupa inayotembea, nikashinda. Akaja panya buku, nikashinda. Akaja mwizi, akaniibia silaha. Halafu akaja kijitu kimoja kidogo ambaye hana nguvu za maana, lakini akikugusa anaondoka na nusu ya chakula chako chote. Nusu! Nilikuwa na 40, nikabaki na 20. Nikakimbia kutafuta ngazi, nikatoka nje, nikafa njaa kabla ya mji.

Mara ya tatu na ya nne sitaki kuzisimulia, zinafanana na hizo. Kichwa cha habari kimeshasema.

Na hakuna kuseva. Hili vijana wa leo mlielewe vizuri. Ukifa umekufa. Ukizima kompyuta imekwisha. Kitu pekee unachobaki nacho ni ile namba ya bahati. Ukiandika namba ileile na ugumu uleule, dunia ileile inarudi, milima palepale, mahandaki palepale, kuta zilezile. Unaanza upya huna kitu, ila safari hii unajua mji uko wapi.

Hiyo namba ilinivutia nikataka kujua inafanyaje kazi, na jibu lake ni zuri. Apple II zilizoweza kuliendesha gemu hili zilikuwa na kilobaiti 48 tu za kumbukumbu. Picha moja mliyopiga juzi kwenye mahafali ni kubwa mara nyingi kuliko hizo. Kuhifadhi ramani za mahandaki yote na ghorofa zake zote isingewezekana. Basi Garriott hakuhifadhi ramani hata moja. Unapokanyaga ghorofa, programu inachukua namba yako ya bahati, mahali ulipoingilia na kina ulichofika, inavichanganya kwenye hesabu moja, na jibu linakuwa mbegu ya kurushia dadu zote za ghorofa hiyo. Mbegu ileile inatoa dadu zilezile, na dadu zilezile zinajenga kuta zilezile. Ukitoka, ghorofa inafutwa kabisa. Ukirudi, inajengwa tena kutoka kwenye mbegu. Kila ghorofa ni miraba 10 kwa 10, na hakuna hata moja iliyopo mpaka wewe uingie.

Kuta nazo zinachorwa kwa hesabu ya tanjenti kinyume, ile tuliyoilalamikia kidato cha nne kwamba itatusaidia nini maishani. Inasaidia kujua ukuta wa mbali uonekane mdogo kiasi gani. Na yote hayo yako kwenye lugha ya BASIC, programu ambayo yeyote aliyelinunua gemu aliweza kuifungua na kuisoma mstari kwa mstari. Injinia aliisoma. Ananiambia amewahi kukopa ile mbinu ya mbegu, na ninamwamini.

Ukijaliwa kuishi, unaenda kwenye kasri la mfalme anayeitwa Lord British. Hilo lilikuwa jina la utani la Garriott mwenyewe, alipewa na wenzake kambini kwa sababu alisalimia kwa namna waliyoiona ni ya Kiingereza mno. Mfalme anakutuma ukaue jitu fulani, ukirudi anakuongezea sifa na kukutuma kwa jitu kubwa zaidi, mpaka lile la mwisho ambalo ni balrog. Ukimaliza kwenye ugumu wa 10, gemu linakupa namba ya simu ya kampuni iliyolichapisha, uwapigie uwaambie umeshinda. Nimelipenda sana hilo. Mtu anamaliza gemu anachukua simu ya mezani.

Kuna njia ya mkato pia. Mchawi anaweza kuchagua hirizi ifanye nini: imtobolee njia ya kupanda, ya kushuka, ishambulie adui, au ile ya nne ambayo gemu lenyewe linakuonya kwamba ni mbaya. Ya nne inaweza kukugeuza chura, sifa zako zote zikashuka hadi 3. Au inaweza kukugeuza mtu-mjusi, na sifa zako zote zikazidishwa mara mbili na nusu. Wenye roho ngumu walikuwa wanairudia na kuirudia mpaka wanakuwa mijusi yenye nguvu za kutisha. Nilijaribu mara moja. Chura.

Sasa turudi kwenye biashara, maana hapo ndipo hoja ya Injinia ilipo.

Vifuko vya plastiki ni kweli. Mama yake Garriott alichora picha ya jalada, kijitabu kikatolewa fotokopi, diski na karatasi zikawekwa kwenye vifuko vya plastiki vya kufunga mdomo, vile vya kuwekea vyakula, vikatundikwa ukutani kwenye lile duka alilokuwa anafanya kazi. Vikauzwa vichache tu. Lakini nakala moja ikawafikia watu wa kampuni ya California Pacific, wakamtafuta, na mwaka 1980 wakalichapisha rasmi. Garriott mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba ziliuzwa nakala kama 30,000 na yeye alipata dola 5 kwa kila moja. Zidisha, ndiyo hiyo laki na nusu ya Injinia.

Lakini angalieni mpangilio wa matukio, wandugu, maana kwenye historia mpangilio ndio nusu ya kazi. Magemu 28 ya kwanza aliyaandika akiwa mwanafunzi wa sekondari, na hakuna aliyeyanunua. Akalabeth aliliandika akiwa likizo, tena ana ajira ya dukani. Lilipochapishwa alikuwa chuoni Austin. Gemu lililofuata, Ultima, lilitoka 1981, na hilo pia aliliandika huku ni mwanafunzi. Kuacha chuo kulikuja baada ya hapo. Yaani hakuacha chuo ili aandike gemu. Aliandika, likauzwa, akaandika jingine, likauzwa, ndipo akaacha. Mwaka 1983 akaanzisha kampuni ya Origin pamoja na kaka yake, na mwaka 2008 akapanda roketi ya Warusi kutoka Baikonur hadi kituo cha kimataifa cha anga, miaka 35 baada ya baba yake kwenda Skylab. Yote ni kweli. Injinia hakunidanganya hata kitu kimoja, alianzia tu mwisho.

Na kuna kile ambacho hadithi hii karibu kila mara inasimuliwa bila kukitaja, nacho ni chakula. Katika miaka yote ile, dogo wa Texas alikuwa anakula wapi? Kwao. Kama gemu lisingeuzwa angepoteza nini? Pesa za fotokopi na likizo moja. Shule ilimpa mashine na muda. Duka lilimpa ukuta wa kutundika. Mama alimpa picha. Baba alikuwa mtu ambaye kompyuta kwake si muujiza. Wakati huo, kijana wa umri wake Tabora au Moshi, hata awe na akili mara mbili, hangeweza hata kuiona Apple II, kwa sababu ile amri ya 1974 bado ilikuwepo. Hapa si suala la kipaji. Ni suala la vipande vingapi vya chakula umetoka navyo dukani.

Cha kuchekesha ni kwamba gemu lenyewe linalijua hilo kuliko watu wanaolisifia. Balrog hajawahi kuniua. Sijawahi kumwona. Kilichoniua mara nne ni kununua upanga kabla ya chakula.

Sasa msinielewe vibaya. Simsemi Garriott kwamba alibebwa. Wapo wengi waliokuwa na baba wenye pesa na hawakuandika hata programu moja, achilia mbali 28. Na simwambii Injinia kwamba gemu lake ni upuuzi. Nimelicheza, ni zuri, lile jitu la ghorofa ya tatu linanitisha mpaka leo. Ninachosema ni kwamba mtu akikuonyesha njia aliyopita mtu mwingine, muulize alibeba nini mgongoni.

Ijumaa nikamsomea haya yote, kwa sauti, nikiwa nimesimama kama niko kwenye semina. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo unasema nisiondoke." Nikamwambia hapana, nasema hesabu chakula kwanza. Akakaa kimya. Halafu akavuta laptopu yangu akaandika namba ya bahati. Sikuiona namba yenyewe. Akapata dhahabu 19. Nikamwona anaangalia hirizi, 15, anaiangalia kweli kweli. Mwisho akachukua shoka, akamalizia zote 14 kwenye chakula. Vipande 140. Akatembea, akafika mjini, akaongeza, akashuka handakini, akakaa humo karibu saa nzima. Alipokufa aliuliwa na nyoka, si njaa. Akaniambia, "Angalau."

Juzi Jumatano jioni tuliketi na daftari tukapiga hesabu ya kweli. Kwa kaka yake kuna chumba lakini kaka ana watoto watatu. Umeme wa luku. Bando. Miezi sita. Tukaandika na zile sapu mbili, ni lini, na ada ikoje kama atarudi mwaka mwingine. Kuna utaratibu wa kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, wengi hatuujui, mtu unaondoka na nafasi yako inabaki. Hajaamua. Anaweza kuahirisha, anaweza kukaa na kuliandika gemu usiku kama sasa. Baada ya hapo akasema anampigia mama yake, nikatoka nikasimama varandani ili aongee kwa nafasi. Waliongea muda mrefu. Niliporudi alikuwa amewasha gemu lake, si Akalabeth, lake, na alikuwa anaongeza kitu kipya pembeni ya kioo. Nikachungulia. Kilikuwa kihesabio cha chakula.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mwenye kufika kwa balrog aniambie, simu ya ile kampuni haipatikani tena, nipigieni mimi. Na kama mnaonana na Injinia kafteria, msimuulize kitu, mnunulieni chai.

Tuko pamoja.